Fundi Aliyelamba Bolti

Alikuwa mchafu. Nianze na hilo, maana siku hizi watu wakimkumbuka wanaanza na mikono yake ya dhahabu. Mikono hiyo mimi niliiona kila siku kwa miaka kumi na mmoja, mbele ya duka langu la spea, na dhahabu sikuiona. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, kucha zimejaa grisi iliyokauka, na kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na doa la ugoro ambalo hakuna sabuni iliyowahi kuliondoa. Alikuwa akivuta ugoro puani, anapiga chafya kwenye kiganja, anajipangusa kwenye suruali, halafu huyo, anakuja kukusalimia. Kwa adabu aliwapa watu kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama mafundi wote wanavyofanya. Mimi hata hicho kifundo sikukigusa. Nilikuwa nainua mkono nikiwa nyuma ya kaunta, "Shikamoo Fundi," basi.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Hakuwahi kunionyesha kwamba ameona.

Tulimwita Fundi tu. Biharamulo mjini mafundi ni wengi, wa pikipiki, wa cherehani, wa redio, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno kila mtu alijua unamsema nani. Alikuwa Mhangaza wa Bukiriro, kule Ngara, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili na shati jeupe, ingawa shati lenyewe lilikuwa na alama ya dole gumba kwenye kola, na alama hiyo ilikaa pale miaka yote. L na r kwake zilikuwa kitu kimoja. Gari alisema gali, na dereva wake deleva, na ukimcheka alicheka pamoja na wewe, meno ya kahawia yote nje.

Sisi ni watu wa duka. Babu alikuja huku na biashara kutoka pwani, na nyumbani kwetu kikombe kikianguka mchangani kinaoshwa mara tatu. Nimelelewa hivyo, sioni haya kusema. Sasa fikiria mtu niliyelelewa hivyo nakaa hatua kumi kutoka kwa mtu wa namna ile, na baba yangu mzazi ndiye aliyemkaribisha atundike mabati yake pale, kwa sababu gari likifunguliwa mlangoni spea inanunuliwa mlangoni. Baba alikuwa na akili ya biashara. Harufu alituachia sisi.

Kikombe chake kilikuwa kimoja, cha bati, chenye maua yaliyobanduka. Asubuhi alikinywea chai. Saa nne aliloweka humo beringi ndogo kwenye petroli, azisugue kwa mswaki. Saa saba alikifuta kwa kile kitambaa cha mikono, anakoroga chai nyingine, na ananiita. "Kalibu chai, mwanangu!" Kila siku! Kwa miaka kumi na mmoja! Nikawa nasema nimefunga. Nilifunga Jumatatu, nilifunga Alhamisi, nilifunga siku ambazo hata dini yenyewe haitaki mtu afunge. Naye alisema, "Haya, Mungu akupokee," akanywa peke yake kwa sauti, fyoo, fyoo.

Baba alikuwa anakinywea. Anakalia kreti la soda pale chini ya mabati, kanzu yake nyeupe, wanapokezana kikombe kile kama watoto. Nilimwambia baba utakufa na petroli. Akaniambia petroli inaua minyoo.

Lakini yote hayo si kitu. Kuna jambo moja lililonikera kupita yote, na nikilikumbuka bado mate yanajaa mdomoni, ya kichefuchefu. Alikuwa analamba vyuma.

Simsingizii. Akija kununua bolti, nati, beringi, chochote, anakichukua, anakigonga kwenye jino, tiki, anasikiliza, halafu anatoa ulimi na kukilamba. Pole pole, macho kafumba, kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha anatema. Mbele ya duka langu! Anasema chuma kipya kina mafuta ya kiwandani na mafuta hayo yana ladha yake, na chuma kilichotumika hata ukikiosha kwa dizeli mara kumi kina ladha nyingine, ya chumvi chumvi. Alikuwa akishalamba anarudisha hiki, anachukua kile. Kile alichokirudisha mimi nilikishika kwa karatasi.

Tabia zake nyingine zilipingana. Kwa upande wa siku alikuwa mwongo wa kutupwa. Ukimwuliza gari litakuwa tayari lini atasema kesho asubuhi, na kesho asubuhi hiyo itachukua wiki mbili. Mwalimu mmoja wa Nyarubungo alikuja kuulizia gari lake mpaka likizo ikaisha. Lakini kwa upande wa chuma hakujua kudanganya. Kitu kikiwa kibovu atakwambia kibovu, hata kama amekiharibu mwenyewe. Nati iliyogoma aliitukana Kihangaza matusi ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa, na bado kabla ya kuingia chini ya jeki alipiga ishara ya msalaba. Na hakuwa mtu wa haraka. Mwenye gari akimkaripia, anaweka spana chini, anavuta ugoro, na kukaa mpaka mwenye gari achoke kukaripia.

Sasa nieleze habari ya gari la baba.

Wakati kambi za wakimbizi za Lukole zinafungwa, kulikuwa na daktari mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na alikuwa na kigari cha michezo, cha zamani hata wakati huo, cha milango miwili, chekundu, kimelala chini kiasi kwamba mbuzi anakichungulia kwa juu. Alikileta huku kwenye mawe na matope kwa akili gani, sijui. Baba alikiona mara moja tu na akarukwa na akili. Alikinunua, akakiweka uani chini ya turubai, na kila Idi alikitoa na kuzunguka nacho mjini mara mbili, mkono nje ya dirisha. Mama alimwita mke mdogo.

Kigari hicho magurudumu yake yalikuwa ya nati nne. Rimu mbili zilipasuka kwenye mashimo, na rimu za nati nne za nafasi ile hukuzipata huku, si Ngara, si Kahama, wala Mwanza. Magari mengi ya kwetu ni ya nati tano. Basi kikalala miaka chini ya turubai, kuku wakitaga ndani yake, mpaka siku daktari wa macho alipomwambia baba kwamba sukari inakula macho yake na baada ya muda si mrefu hatakuwa anaona. Baba alirudi kutoka hospitali akapita dukani bila kunisalimia, akaenda moja kwa moja kwa Fundi.

"Nataka kuendesha mpaka Ngara na kurudi," alimwambia. "Kwa mkono wangu. Mara moja tu, kabla taa hazijazimika. Utanifanyia?"

Fundi akavuta ugoro. "Nati nne tutazifanya tano," akasema. "Kesho asubuhi."

Ilichukua wiki tatu. Ilibidi habu zenyewe zigeuzwe, yaani vile vitovu vya chuma ambavyo gurudumu linakaa juu yake, vitobolewe matundu mapya matano ya kupokea rimu za kawaida. Fundi alizifungua zote nne, akaziosha mpaka zikang'aa, na kukaa nazo. Alikuwa na msemo wake: "Nati nne zinatazamana, nati tano zinapeana mgongo." Maana yake, za nne unaweka rula kutoka hii mpaka ile ya mbele yake, unapima. Za tano hakuna iliyo mbele ya mwenzake. Ukikosea moja kwa unene wa kucha, gurudumu zima linacheza.

Kwa hiyo hakutumia rula. Alichukua karatasi ya boksi la sabuni, akaibandika nyuma ya rimu mpya, akaipaka grisi kwa kiganja kile kichafu, akisugua polepole mpaka matundu matano yakajichora. Alikata kipande cha bomba la maji cha kukalia katikati, ili karatasi isisogee. Halafu akaihamishia kwenye habu, akawa anaigeuza na kuigeuza, kutafuta mahali ambapo hakuna tundu jipya litakalokaribia mno la zamani. Siku nzima anageuza karatasi! Nilimwambia baba huyu mzee analipwa kwa kucheza. Alipoanza kutoboa, kwa mashine ya mchomeleaji wa jirani, hakutaka mtu amsemeshe. Alitoboa ishirini, tano kila habu, na rimu ilipowekwa iliingia kama kifuniko kwenye sufuria yake. Hilo nililiona kwa macho yangu, na sikulisema.

Zikabaki bolti zenyewe, ishirini. Akaja dukani kuzichukua. Palikuwa na akina mama watatu wa sokoni wanasubiri balbu, na dereva mmoja wa lori. Nikammwagia bolti juu ya kaunta. Akachukua ya kwanza, akaigonga jino, tiki, na ulimi ukatoka.

"Fundi!" nilipiga kelele. "Usinilambie vitu vyangu! Unatutia kichefuchefu hapa. Hili ni duka la watu, si zizi la ng'ombe!"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Dereva alisema, "Mzee, kumbe ndicho chakula chako." Fundi aliirudisha ile bolti mezani taratibu. Akajifuta mdomo kwa mkono. Sikuwahi kumwona akikosa mahali pa kutazama kabla ya siku ile.

"Mpya hizi, mwanangu?" akauliza.

"Mpya. Zimetoka Mwanza juzi."

"Haya." Akazifunga kwenye gazeti na kwenda zake.

Baba aliondoka asubuhi ya Jumamosi, kanzu mpya, miwani, mji mzima barabarani unampungia. Fundi alimshika mkono dirishani: "Mzee, ukifika Lusahunga simama, kaza nati zote tena. Chuma kipya kinahitaji kukazwa mala ya pili." Baba alisimama Lusahunga na kukaza, kuna watu walimwona akiinama na spana huku anaimba. Baada ya Nyakahura, kwenye mteremko, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka. Lilimpita, alisema mwenyewe, akaliona linakimbia mbele yake barabarani, akajiuliza ni la nani. Gari likaenda mtaroni, likabingirika kwenye shamba la mihogo. Baba alivunjika nyonga.

Ngara hakufika. Hakuendesha tena. Macho yakaondoka akiwa bado kitandani.

Nilichomfanya Fundi nakisema kama kilivyokuwa. Nilisimama mbele ya duka saa tatu asubuhi, watu wamejaa, nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimekiweka tumboni miaka kumi na mmoja. Nilimwambia mikono michafu kazi chafu. Nilimwambia analala na matope anaamka na matope, kwamba mtu asiyejua kuosha kikombe atajuaje kutoboa habu, kwamba amemlemaza mzee aliyekuwa anakula naye. Nilisema sauti ikanikauka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Jioni wenye magari waliyavuta magari yao, moja baada ya jingine, wakayapeleka kwa mafundi wengine.

Fundi aliuliza swali moja tu: "Guludumu liko wapi?" Akapanda bodaboda, akaenda mpaka kule kwenye mihogo, akarudi jioni. Asubuhi yake aling'oa mabati na kuyafunga kwenye lori la mtu pamoja na vyuma vyake, kikombe kikining'inia kwa kamba nje. Akaondoka.

Baba kitandani aliuliza, "Fundi yuko wapi? Mbona haji?"

Nikamwambia, "Amekimbia."

Baba akasema Fundi si mtu wa kukimbia. Alilisema hilo kila mara kwa miaka minne, mpaka alipofariki, na mimi kila mara nilimpa jibu lile lile.

Mwaka huu akatokea mtu wa Bukoba anayependa magari ya zamani. Amekiona kigari, tulichokivuta kutoka kwenye mihogo na kukirudisha chini ya turubai, anakitaka, ila anataka kisimame kwenye magurudumu yake. Nilizunguka mafundi wote. Kila mmoja alizitazama zile habu, akaziweka chini. "Kazi hii ya nani? Huyo huyo mwite." Basi nikaenda Bukiriro. Msidhani nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kwa shida yangu.

Nilimkuta kwenye migomba nyuma ya nyumba yake, amekalia kigogo, anarekebisha baiskeli. Amekuwa mdogo, shingo imebaki mishipa, lakini mikono ni ile ile. Nilisema shikamoo. Akaitika marahaba, mwanangu, akaniangalia, akanyoosha kifundo cha mkono, kisha akakirudisha mwenyewe kabla sijafanya lolote. Alimwita mkwewe, akamwambia neno kwa Kihangaza, yule mama akashika njia ya dukani.

Nilimweleza habari ya yule mtu wa Bukoba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaulizia baba, nikamwambia amefariki. Akapiga ishara ya msalaba na kuweka spana chini.

Halafu akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Akamimina kiganjani bolti tatu zilizokatika.

"Angalia hapa zilipokatikia," alisema. "Kama ni chuma kipya kimekatika siku ile, panang'aa pote. Hizi nusu inang'aa. Nusu ina kutu. Kutu ya zamani, mwanangu. Zilikuwa na ufa kabla sijazifunga."

Sikuhitaji kuangalia. Siku ile ya bolti, mzigo wa Mwanza ulikuwa umeniletea kumi na mbili tu. Nane nilizitoa kwenye kopo langu la chini ya kaunta, za magari yaliyokufa, nilizokuwa naziosha kwa dizeli, nazipiga brashi na kuwauzia watu kama mpya. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka. Nilizichagua nzuri nzuri, Mungu shahidi yangu, kwa sababu lilikuwa gari la baba. Na ulimi wake ulipotoka pale kaunta, kilichonipanda kooni hakikuwa kinyaa peke yake. Nilijua angeonja. Ndiyo maana nilipiga kelele vile, mbele ya watu wale.

"Ulijua lini?" nikamwuliza.

"Siku ile ile, kwenye mihogo."

"Mbona hukusema? Nimekutukana, nimekufukuza, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mzee amelala, nyonga imevunjika, anashikiliwa na wewe bafuni. Niende nimwambie ni huyu mwanao?" Akazirudisha bolti kwenye kopo, moja moja. "Na mimi nilikosa. Ilikuwa nizilambe. Niliona haya, wale akina mama walivyocheka. Kazi ya mtu haina haya. Lile ni kosa langu, wala si lako."

Nimechukia watu wengi maishani, nina kipaji hicho. Lakini kinyaa nilichokisikia pale kwenye migomba sijawahi kukisikia kwa mtu mwingine yeyote, na kilikuwa kimenikalia mimi mwenyewe, kwenye gauni langu safi na viatu nilivyovifuta mara mbili njiani. Nilijinusa.

Mkwewe akarudi na chupa moja ya soda, ya baridi, kizibo juu. Aliiweka mbele yangu kwenye kigoda kilichofunikwa kitambaa kilichopigwa pasi. Kando yake, kwenye jiko la mkaa, birika lilikuwa linachemka, na kile kikombe cha bati kilikuwa pale, maua yote yameisha.

"Nipe chai, Fundi," nikasema. "Kwenye kikombe hicho."

Alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi. Akachukua ile soda, akang'oa kizibo kwa meno yake, kisha akashtuka, akaiweka kando na kumwambia mkwewe alete nyingine, na kifungulio.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Umefunga miaka mingi. Futulu na kitu kisafi."